Skuta ya Nyumba Mbili

Wanawake wa Kanduyi waliomsengenya Wilkista kwa kunuka petroli walisahau kwamba babake alikuwa mtu wa kinu cha kusaga mahindi kule Bumula. Kabla hajajua kumsuka mwenzake nywele, tayari alijua kufungua plagi ya injini, kuisugua kwa msasa na kuirudisha mahali pake. Shuleni alifika darasa la saba. Kinu kilimsomesha yaliyobaki.

Kwa hivyo mwaka wa elfu mbili na nane ulipokuwa ukiishia, pikipiki za Uchina zikimiminika Bungoma kama kumbikumbi, na mume wake Wekoye akaja nyumbani na skuta ya rangi ya damu ya mzee, Wilkista hakushtuka. Tena ilikuwa haki yake. Skuta ilipatikana kwa kuuza fahali ambaye Wilkista alipewa na babake, na jambo hilo hakuna mtu katika boma lile aliyeruhusiwa kulisahau.

Mafundi wa steji ya pikipiki waliizunguka wakacheka. Injini ilifichwa ndani ya plastiki, na mnyororo haikuwa nao.

"Hii ni friji, Wekoye," mmoja wao alisema. "Peleka kwa watu wa friji bana."

Wilkista alitandika gunia barazani, akafungua yale maplastiki moja baada ya jingine. Ndani alikuta jamaa zake wa zamani: cheche, petroli na hewa. Badala ya mnyororo kulikuwa na mkanda wa mpira, kama ule wa kinu cha babake. Tangu hapo, oili ikibadilishwa ni yeye, breki ikilegea ni yeye, kabureta ikiziba ni yeye. Wekoye alijua kuketi juu na kuwasha tu.

Wekoye alikuwa karani katika duka la mbegu na mbolea mjini Kitale. Alikuwa akilala huko wiki nzima na kurudi Ijumaa. Mwanamume akilala pahali muda mrefu, pahali hapo hupata jina, na jina lenyewe lilikuwa Jerono, msichana wa watu wa mlimani, mwenye ng'ombe wa maziwa na nyumba ya mabati mapya. Wekoye alikuja kusema mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake, kofia magotini. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Wazee wa kanisa walimzuia asishiriki meza ya Bwana, basi, mambo yakaisha.

Wilkista hakulia mbele yake. Alisema, "Sawa, Baba Ian. Umeoa. Lakini skuta itatengenezwa hapa. Kwa huyo sitaki iguswe."

Wekoye aliona ameponea chupuchupu, akakubali haraka. Hakuelewa kilichokuwa moyoni mwa mkewe. Wilkista alijua mumewe ni mvivu wa safari. Akaona kwamba mradi skuta inahitaji mikono yake, Ijumaa itamrudisha Wekoye kama kamba irudishavyo mbuzi. Siku skuta itakapopata mikono mingine, kamba itakuwa imekatika.

Mwanzoni mambo yalimpendeza. Kila Ijumaa skuta ilifika inanguruma vibaya, plagi imejaa masizi meusi kama sufuria ya msiba. "Huko hawajui hata kuipangusa," alimwambia jirani yake Fridah, na siku hiyo alikula akashiba. Aliisafisha, akaiweka sawa ile skrubu ndogo ya kabureta, ambayo ikilegezwa huongeza petroli na ikikazwa huipunguza, mpaka injini ikatulia ikawa inasema kwa sauti moja. Kisha akaweka alama kwenye skrubu kwa rangi ya kucha, nyekundu, apate kujua.

Ijumaa moja skuta ilifika plagi ikiwa safi. Nyeupe kama mfupa. Injini ilikuwa moto kupita kiasi, na kila ilipoongezwa mwendo ilikohoa. Wilkista akainama na bisibisi, akaona ile alama yake nyekundu imegeuka imetazama upande.

"Nani ameshika hapa?"

Wekoye alikuwa akivua viatu. "Ni Jerono. Ilikuwa inatoa moshi mweusi, akaikaza kidogo. Kaka yake Kiptanui ana trekta, kwa hivyo vitu hivi anajuajua."

Anajuajua. Wilkista angesikia kwamba yule mwanamke ni mrembo kuliko yeye, angevumilia, hilo alilijua. Angesikia anapika vizuri, angecheka. Lakini kwamba kuna mikono mingine imeshika bisibisi ikaingia ndani ya kabureta ile, hilo lilimshinda. Usiku ule alilala ameupa ukuta uso.

Vita vikaanza. Wilkista analegeza, Jerono anakaza. Wilkista anaweka alama, Jerono anaifuta kwa petroli na kuweka yake, ya rangi ya samawati. Ilimuudhi zaidi kwamba ile ya samawati ilipakwa vizuri, bila kumwagika. Wekoye akawa tarishi wa kubeba matusi.

"Mwambie huyo wako," alisema Wilkista, "kama ameshindwa na ng'ombe asijifunzie kwa fahali wangu."

Jibu lilikuja Ijumaa iliyofuata. "Anasema ati dada mkubwa apunguze mkono. Skuta si chungu cha ugali, haisongwi."

Fridah aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwaga mafuta motoni kama kawaida yake. "Wilkista, si uone tu ukweli? Anaiharibu kusudi ikushinde. Mwanamume aseme fundi wa kweli yuko Kitale."

Wilkista aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili.

Mwisho Wekoye alichoka. Ijumaa moja skuta ilimzimikia mara nyingi kati ya Kimilili na Chwele, akaingia nyumbani amelowa mvua na hasira. "Mmenichosha na hiki chuma. Kuanzia sasa kitatengenezwa Kitale, kazini kwangu. Hapa nitakuwa nakuja nikipata nafasi."

Nikipata nafasi. Wilkista alilisikia neno hilo mara moja, likamtosha.

Kesho yake, Jumamosi, Wekoye alikwenda na wenzake Sirisia kupanga mazishi ya binamu yake. Wilkista alisafisha plagi, akaiweka skrubu pale pazuri kabisa, akaiwasha akaisikiliza. Ilikuwa ikiimba. Kisha akapaka rangi ya kucha kuanzia skrubu hadi kwenye chuma cha kabureta, ili mtu akiigeuza hata kidogo rangi ipasuke. Akafunga spana zake ndani ya leso, akafunga kitambaa kichwani, akapanda. Nia yake ilikuwa moja: kumfikishia Jerono skuta nzima, aiwashe mbele ya uso wake, aseme, hii ndiyo ninayoituma kila wiki, sasa nionyeshe unavyoiua.

Chwele alipita kama upepo. Kimilili, watoto walikimbia nyuma yake wakimwita sista kwa sababu ya kile kitambaa cha kichwani. Kamukuywa, bado skuta inakwenda vizuri. Lakini barabara ilivyozidi kupanda, ikaanza kuwa nzito. Akiongeza mwendo, inazama. Alipoipita Kiminini akatazama nyuma, akaona moshi mweusi unamfuata.

Aliegesha kando ya shamba la mahindi, akafungua kifuniko. Rangi ya kucha ilikuwa nzima. Haikuwa na ufa hata wa unywele. Akatoa plagi: nyeusi, masizi yale yale.

Akachuchumaa pale akiitazama. Jerono hakuwapo. Wekoye hakuwapo. Hakuna mkono wa mtu uliogusa, ila wake. Hewa ilikuwa baridi na nyepesi, na alikumbuka maneno ya watu waliohamia huku, kwamba mtu wa Bungoma akipanda hupungukiwa pumzi, na hata maharagwe hukawia kuiva. Injini nayo ni ya kupumua. Ilikuwa inapewa petroli ya Kanduyi na pumzi ya Kitale, basi inapaliwa. Akashika bisibisi, akaipasua rangi yake mwenyewe, akakaza kidogo kidogo huku injini inanguruma. Moshi ukaisha. Alipotazama, skrubu ilikuwa imesimama pale pale Jerono alipokuwa akipaka ile samawati yake.

Ukweli huo haukumfurahisha. Wivu hupenda kuwa na mtu wa kulaumu, na mtu wake alikuwa amemponyoka. Kwa muda alifikiri ageuze, arudi, anyamaze. Lakini hakuwa ametoka Kanduyi amebeba spana ili akawe mwongo.

Kitale aliulizia kwenye duka la mbegu, akaonyeshwa nyumba ya mabati mapya. Jerono alikuwa uani akiosha mikebe ya maziwa. Alijua huyu ni nani kabla hajasalimiwa. Skuta aliijua kwa sauti.

"Karibu, dada mkubwa," alisema, lakini hakusogea.

"Sikuja kukaa." Wilkista alitazama mikono ya yule mwanamke. Kucha zilikuwa na weusi wa oili pembeni, kama zake. Jambo hilo lilimuuma kuliko ujana wa uso wake. "Nimekuja kukuambia huiharibu. Hata mimi siiharibu. Ni mlima."

Alimweleza, yote, na rangi ya kucha. Jerono aliinama, akafungua kifuniko, akatazama, akakaa kitako kwenye majani.

"Kumbe," alisema. "Mimi kila Jumatatu nilikuwa nikifungua hapa nasema, huyu mama ananitukana. Anaijaza petroli ili inifie mkononi, mzee arudi kwake." Akapangusa mikono kwa sketi. "Nilifikiri mzee anakuja kwako Ijumaa kwa sababu ya skuta tu. Nikasema nikijua kuitengeneza, atakaa."

Wilkista alijiona ameketi mbele ya kioo, na kioo hakikumpendeza.

"Na akakaa?"

Jerono aliokota mkebe mmoja, akausugua tena. "Ile wiki niliifanya ikawa nzuri kabisa, aliiwasha akaenda zake. Hakusema hata asante."

Wilkista alikataa chai. Alikuwa amekwisha kuona birika, ni zuri, akaona asijiongezee wivu. Aliwasha skuta akateremka nayo, na alipofika Kimilili akasimama akailegeza skrubu, skuta ikaimba mpaka nyumbani.

Wekoye alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. "Mama Ian, skuta yangu ulipeleka wapi?"

"Ni ya fahali wangu," alisema Wilkista, akatia ufunguo kifuani. "Inabaki hapa. Kwenda Kitale kuna magari. Na kurudi yapo."

Wekoye alinung'unika, lakini Jumapili jioni alipanda gari. Wiki ile Wilkista hakugusa spana. Fridah alikuja na maneno, akarudi nayo. Ijumaa ilipofika, magari ya Kitale yakapita, mengine yakasimama, watu wakashuka, wakaenda zao. Wilkista alijifanya anachambua mboga. Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba alipomwona mtu anatembea kutoka steji, kiatu kimoja kinamsumbua, kofia mkononi.

"Gari zilijaa," Wekoye alisema. "Nimesimama tangu Kamukuywa."

"Maji ya kuoga yako tayari," alisema Wilkista, na hakumtazama usoni, asije akaona furaha yake.

Wekoye alipoingia bafuni, Wilkista aliliokota shati alilolivua. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama wembe, na lilinukia sabuni ambayo Kanduyi haiuzwi. Alilishika muda mrefu. Kisha akaleta karai, akalitia shati lile safi majini, akalifua upya.