Mji Tulioubandika Ukutani

Niseme mapema, kabla dada yangu Kapinga hajawahadithia kwa madoido yake: ni mimi niliyetia sukari kwenye gundi. Nilifikiri kitu kitamu hushika zaidi. Kwani sukari ikiyeyukia vidoleni, si vinanata? Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yangu, na hata sekondari haikuirekebisha sana.

Mliolelewa kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, uhuru ukiwa bado, mnazikumbuka zile kuta za chokaa. Na ukaguzi wa usafi je? Madamu wa Kizungu alipita nyumba kwa nyumba, akichungulia hata chini ya kitanda, na mama aliyewashinda wenzake kwa usafi alipewa zawadi. Mwaka ule ilikuwa sufuria ya enameli yenye maua ubavuni. Mama aliitamani hadi usingizini, maana kila mwaka zawadi ilimpita, ikaingia kwa jirani yetu, Mama Ngalula.

Ukaguzi ukiwa kesho, Mama alikwenda kutafuta chokaa. Tata, baba yetu, alikuwa kazini mgodini. Sisi tuliachiwa kulinda nyumba, kazi ninayoipenda hadi leo. Mimi hata Tenke, mji wa jirani tu, naiona ughaibuni. Kando ya mbabula, jiko letu la makaa, palikuwa na magazeti ya picha ya kuwashia moto. Kapinga akachukua mkasi.

"Tufanye Kolwezi ya wakati batoto betu batakuwa bazee," akasema.

Basi tukakata picha. Friji tukaisimamisha ikawa ghorofa, na juu yake friji nyingine. Karatasi za fedha za pakiti za sigara zikawa mto. Treni tukaipandisha hewani, ipite juu ya mashimo ya shaba bila kugusa vumbi. Gundi ilikuwa bukari, ugali wetu wa jana, tuliyoilegeza kwa maji, pamoja na ule utaalamu wangu. Na mji mkubwa namna ile ungekaa wapi, kama si ukutani?

Mama alirudi na ndoo ya chokaa. Nikafumba macho, nangoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, ndoo ilikuwa chini, na Mama alikuwa anafuata njia ya treni kwa kidole, taratibu, kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

"Hii treni inaenda wapi?"

"Sandoa," nikasema, kwa sababu ndiko ulikokuwa mwisho wa dunia yangu.

Tata akaingia na vumbi lake, akatazama sana. "Na siye tunaikala wapi humu?"

Magazeti yale hayakuwa na mtu mweusi hata mmoja, wala hatukuwa tumeona ajabu. Mama akakata pindo la kitenge chake, akalibandika katikati kabisa ya maghorofa. "Njo hapa tunaikala," akasema. Chokaa ikagandia ndooni.

Asubuhi, mji ulikuwa unatembea. Sisimizi walikuwa wameifuata sukari yangu, misururu kwa misururu, wanapanda maghorofa, wanavuka mto wa fedha, wanaingia na kutoka kwenye kile kitenge. Mji wetu ulikuwa umepata watu! Watoto wa kambi wakajaa mlangoni, mama zao nyuma yao, na hakuna aliyepandisha sauti. Madamu alipofika, aliangalia, akaandika kitu, akatoka bila kuaga. Sufuria ikaenda kwa Mama Ngalula.

Siku hizi wajukuu zangu wanaunda mji kwenye simu kabla chai haijapoa, kisha wanaufuta wakatafute mwingine. Kolwezi yenyewe imeota maghorofa ya vioo, na kule mtaa wa Kasulo watu wamechimba madini hadi chini ya vitanda vyao. Yote nayatazama nikiwa kizingitini kwangu. Lakini sijaona tena watu wazima wakinyamaza mbele ya mji ambao haupo, kila mmoja akijitafutia mahali pa kukaa.

Siku ile Mama hakulia. Alikaa tu kwenye kigoda, mikono mapajani, hatujui kama anajuta. Ndipo Mama Ngalula alipopenya kundi la watu, sufuria mpya kichwani, akautazama ukuta, akautazama tena, kisha akamgeukia:

"Mama Kapinga, sufuria nilipata mi, lakini hata mutu moya hakuya kuiangaria, bote beko huku, banaangaria ukuta yako ya buchafu!"