Kitanda Kilichonifika Kifuani

Natembea kwa magongo tangu utotoni. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza uliponishika, mume wangu alinipeleka kwa bajaji kwenye kituo kimoja cha afya hapa Songea. Nilimwamkia muuguzi wa zamu, "Shikamoo, mama." Akaitikia, kisha akanionyesha kitanda cha kujifungulia. Kilinifika kifuani.

"Panda."

"Siwezi, mama. Naomba unisaidie."

Akaitazama miguu yangu. "Cha mumeo ulipandaje?"

Wenzake wakacheka. Nikatandika kitenge changu chini, nikamzaa binti yangu pale, kwenye saruji ya baridi. Mtoto alilia vizuri. Mimi sikulia. Hasira ilinikausha machozi.

Nilipopata nguvu nilimsimulia rafiki yangu, fundi cherehani wa Majengo, ambaye naye ana ulemavu wa miguu. Tukaenda kwa diwani kumweleza habari ya kitanda kile. Alitusikiliza kwa upole, na baada ya siku chache akaja kwangu na mpiga picha, unga, sabuni na kiti cha magurudumu. Akaniwekea mkono begani, tukapigwa picha. Kitanda hakukitaja.

"Tulimwendea kama ombaomba, ndiyo maana katupa sadaka," rafiki yangu alisema. "Safari hii tuwe wengi, tumuulize mbele ya wapiga kura wake."

Tukazunguka kwa akina mama: wenye presha, waliopasuliwa, waliovimba miguu. Kumbe kitanda kile kiliwashinda wengi, ila kila mmoja alidhani ni udhaifu wake mwenyewe. Kabla bajeti ya halmashauri haijapitishwa, tuliujaza mkutano wake wa hadhara, tukamuuliza kuhusu kitanda.

Diwani akajibu kwamba anawapenda sana walemavu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, sikuja kuomba kupendwa. Nataka kitanda kinachoshuka. Kiingie kwenye bajeti, au utuambie hapa hapa kwa nini hakiingii."

Akina mama wakapiga makofi mpaka akashindwa kuendelea. Kitanda kikaingia kwenye bajeti.

Siku ya kukikabidhi niliitwa nitoe shukrani. Muuguzi yule yule alisimama mstari wa mbele na sare yake safi, anatabasamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza neno, wala aliyeniomba radhi. Nilishika kipaza sauti nikayarudia maneno aliyoniambia, yote. Kisha nikauliza: wanawake wa zahanati za vijijini, ambako vitanda ni vile vile, watazalia chini mpaka lini? Mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti, muziki ukafunguliwa.

Wapo wanaosema sina shukrani. Nishukuru nini? Kwamba mwanamke ataweza kuzaa bila kutukanwa?

Sasa mimi na rafiki yangu tunapanda bodaboda kwenda vijijini, tunawakusanya wanawake kabla ya bajeti nyingine. Diwani hapokei tena simu zangu.