Sindano iliyomrudisha Makoye shimoni

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya mji wa Kharumwa, Makoye Maganga anashika kamba na kuingia shimoni akitanguliza mguu wa kushoto. Hatazami chini. Unyayo wake, ndani ya raba nyembamba, unapapasa gogo la kwanza na kulibonyeza kidogo, ndipo anapoliachia uzito wa mwili. Dakika chache baadaye kinachoonekana ni mwanga wa tochi yake ya kichwani tu, ukizidi kufifia.

Makoye ni fundi wa matimba, magogo yanayozuia kuta za shimo la dhahabu zisiwaangukie wachimbaji. Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kushuka. Gogo lililolegea hulijua kwa mguu kabla jicho halijaliona. Ukisimama pale juu ukasikia nyundo yake ikigonga mbali huko chini, mwili unasisimka.

Kinachosisimua zaidi ni kwamba miaka mitatu iliyopita miguu hiyo ilikuwa haihisi kitu.

Ilianza kwa ganzi vidoleni. Baadaye akawa anayumba njiani, na majirani wakasema pombe imemzidi, yeye ambaye hanywi. Mkewe, Jenifa, alimsihi aende hospitali. Alikubali, akawa anaahirisha, hadi siku alipoamini amekanyaga gogo kumbe mguu uko hewani.

"Nilibaki nimening'inia kwa mikono," anasema. "Nikaumulika mguu wangu, nikauona kama wa mtu mwingine."

Mwenzake, Masudi, aliyekuwa juu, alimteremshia kamba na kumvuta. Hakuumia, lakini akaacha kushuka. Wiki hiyohiyo Jenifa akampeleka hospitali.

Vipimo vilionyesha kuwa mwili wake haunyonyi vitamini B12 kutoka kwenye chakula, na upungufu huo ulikuwa ukiharibu mishipa ya fahamu. Akaandikiwa sindano za vitamini hiyo, za kufuatana mwanzoni, kisha moja kila mwezi, maisha yake yote.

Ganzi ikaanza kupungua. Halafu mvua zikakata barabara, akakosa sindano, na ganzi ikapanda tena hadi vifundoni. Ndipo muuguzi aliyekuwa akimchoma, Febronia Magesa, alipoomba ridhaa ya daktari amfundishe kujichoma mwenyewe nyumbani.

Makoye anacheka akikumbuka. Mtu aliyezoea kuingia ardhini alitokwa jasho mbele ya sindano. Kwenye kituo cha afya, nesi akiwa pembeni, alifaulu. Nyumbani aliharibu. Alijichoma akiwa amesimama, paja amelikaza, ngozi bado imelowa spiriti, akaisukuma sindano polepole kwa woga. Ikawaka kama moto. Mwezi uliofuata akachoma palepale, na paja likauma hata goti likakataa kukunjika.

Akaamua kuacha. Akamwambia mkewe ni afadhali ganzi kuliko maumivu yale. Jenifa hakubishana naye. Alimweleza Febronia, naye akapanda bodaboda hadi kwao, akamwomba Makoye amwonyeshe anavyofanya.

"Baba Elieth, unapigana na sindano," alimwambia alipomaliza kutazama. "Ulegeze mguu kwanza. Nyama iliyokaza ndiyo inayouma."

Wakaanza upya, hatua kwa hatua.

Jumamosi hii alasiri, Makoye ananawa mikono kwa sabuni. Kichupa cha dawa, nyekundu kama juisi ya rozela, anakifumbata kiganjani mpaka kipoteze ubaridi. Huchoma Jumamosi kwa sababu Jumapili hashuki, ni siku ya misa na mapumziko.

Anavuta dawa kwa sindano moja, anaibadilisha na kuweka nyingine mpya. Anakaa kitini, mguu wa kushoto ameulegeza, unyayo umetulia sakafuni. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kulia. Anasafisha upande wa nje wa paja, katikati, kisha anangoja spiriti ikauke. Anaingiza sindano wima, kwa haraka. Dawa anaisukuma taratibu, bila papara.

"Umeshachoma?" anauliza Jenifa, anayebangua karanga huku amegeukia ukutani. Hadi leo hawezi kutazama.

"Tayari."

Anagandamiza pamba bila kusugua, anatumbukiza sindano kwenye dumu gumu atakalolirudisha kituoni, kisha anatoka kuzunguka uani ili paja lisikakamae. Anatembea kama mtu asiye na jambo.

Febronia anasisitiza kuwa hili si la kuigwa na yeyote anayejisikia mchovu. Makoye ana maelekezo ya daktari na amefundishwa. Paja likivimba na kuwa jekundu, au homa ikipanda, anatakiwa kituoni mara moja.

Tangu waanze upya na Febronia, ilipita karibu nusu mwaka kabla daktari hajamruhusu kushuka tena. Masudi aliishika kamba siku hiyo, akaona mwenzake amesimama kwenye gogo la kwanza na hasogei. Akadhani amekwama.

"Nililihisi gome," anasema Makoye kwa sauti ya chini. "Ndani ya raba, nikahisi hata mikwaruzo ya gome. Nikalia kidogo, halafu nikaendelea na kazi."

Bado kidole kidogo cha mguu wa kushoto kina ganzi. Daktari amemwambia huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Misimu mitatu sasa Jenifa amemzuia kulima mpunga, akihofia asije akakanyaga kigae cha chupa bila kujua. Mwaka huu amekubali. Mvua zikishika, Makoye ataliacha shimo kwa muda, wakapande pamoja.

"Nataka niingie jarubani pekupeku," anasema. "Nihisi tope likipita kati ya vidole. Na hicho kidogo nacho nitakizamisha, huwezi kujua."