Ekzosi ya Mjomba Mwakio

Sisi tuliokulia Voi enzi zile, gari likija tulijua kwa mlio ni la nani kabla halijakata kona. Baba alikuwa fundi wa ekzosi, na uwanja wetu ulinuka kutu, petroli na viazi vitamu. Mama aliviinjika jikoni karibu kabisa na mashine ya kuchomelea, na kila siku walizozana kuhusu nafasi. Mimi na mdogo wangu Wakesho tulipigiana simu kwa vipande vya paipu. Watoto wa leo wana simu za kweli na hawana la kuambiana.

Mjomba Mwakio, kaka yake Mama, alinunua gari kuukuu akataka lingurume kama la mashindano. Akafungiwa paipu pana, mpya, na fundi mwingine. Krismasi hiyo alitupeleka Wusi kwa nyanya, Baba akiwa kiti cha mbele. Milimani kulikuwa na mvua na baridi, vioo tumefunga, Mjomba anakanyaga mafuta huku akicheka. Chini ya miguu yetu nilisikia paipu ikilia ti-ti-ti-ti. Kichwa kikaanza kuniuma. Wakesho akanilalia begani. Nikamtikisa, hakuamka.

Nilipiga mayowe. Baba alimtoa nje kwenye mvua, akampepea kwa kofia, akiita jina lake kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Hatimaye Wakesho akatapika, akalia. Baba naye akalia, mbele yetu sote. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Shemeji, kelele utazizoea. Moshi hauzoeleki."

Tulipanda mlima uliobaki kwa miguu.

Baada ya sikukuu Baba aliingia chini ya gari lile. Mdomo wa paipu mpya haukuwa umekaa sawa na ule wa zamani. Aliyeifunga alilazimisha boliti na kurudisha gasketi iliyochakaa, ile pete ya kuzibia maungio. Baba akaikata paipu, akaichomelea upya, akaweka gasketi mpya. Ilipopoa akawasha injini, akauziba kidogo mdomo wa nyuma wa paipu kwa tambara bichi, nami nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Palipotoa mapovu palikuwa bado panavuja. Tulirudia mara tatu mpaka pakatulia.

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta gari lake la mbio kwenye gereji yangu. Paipu mpya, zinang'aa, zinavuja. Nyuma alikaa mkewe na mtoto mchanga. Walikuwa wakielekea Mahoo.

"Mathe, paka tu gundi tuishie, tuna haraka," akasema.

Nilikuwa nimeshalala chini ya magari matatu asubuhi hiyo, na mgongo ulikuwa unawaka. Kupaka gundi kungekuwa rahisi. Badala yake nilimsimulia yaliyompata Wakesho. Aligeuka akamtazama mtoto wake.

"Auntie, fungua zote," akasema polepole.

Boliti ya mwisho iligoma. Nikaipiga, nikaipasha moto, ikagoma. Nikiwa pale chini, jasho linaniingia machoni, nikafungua mdomo nimwite Baba, kama zamani. Nikaufunga. Ni miaka mingi tangu tumzike.

Niliikata boliti, nikamaliza kazi, wakaondoka salama. Nikaketi kwenye tairi kuukuu nikiikunjua mikono. Enzi zetu kulikuwa na mtu wa kumwita. Siku hizi mimi ndiye ninayeitwa, na nimechoka.