Mpishi Mkali wa Televisheni

"Hafiki hata Mombasa," walisema. "Na akifika, atarudi na mimba." Kijiji kizima cha Wambaa kiliamini kuwa mtu anayechekesha arusini hana kazi nyingine duniani. Leo diploma yangu ya uigizaji iko ukutani, ina muhuri na jina langu kamili. Waliosema hayo hawana hata cheti cha chanjo.

Nilianzia uani, upande wa wanawake, siku za arusi. Pale mwanamke huvaa kanzu na kofia ya mumewe, akajichora masharubu kwa masizi, akawaiga wanaume mpaka bibi arusi akatokwa machozi kwa kicheko. Niliwashinda wote. Usiku wakinishangilia, asubuhi wakinisengenya kisimani.

Mwaka hamsini na saba nilikuwa yaya wa watoto wa daktari Mwingereza, Chake Chake. Alipohamishwa kurudi London alikubali kunichukua, ila nusu ya nauli nijitafutie. Jirani alinipa sanduku la bati na sweta. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Alinipa vipuli vyake vya dhahabu nikaviuze, na akahakikisha watu wanasikia.

"Nakuazima, sikupi. Usiporudisha, nitakudai mbele ya Mungu."

London nililea watoto mchana, jioni nikasoma uigizaji. Mwalimu alitaka nicheze mtumishi anayeinama na kunyamaza. Nikamwambia mtumishi wa namna hiyo sijapata kumwona. Katika filamu yangu ya kwanza nilipewa maneno manne na sinia ya chai. Niliibwaga ile sinia mezani kwa dharau hata mpiga picha akacheka, wakapiga upya kipande kile, mara hii nikiwa katikati ya picha. Ikafuata televisheni: mpishi mkali wa nyumba ya wapangaji, kila wiki, miaka miwili. Watu wakinitambua ndani ya basi.

Nilirudi mwaka sitini na mbili. Jirani nilimrudishia sanduku jipya la ngozi na sweta ya sufu. Nikamweleza televisheni ni nini: sinema ndani ya kabati.

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa kabatini!" akasema, wenzake wakaangua kicheko.

Nikaenda kwa shangazi, nao nyuma yangu. Nilimwamkia, akaitikia nusu. Nikamwekea mkekani vipuli vizito kuliko vile vyake. Hakuvigusa.

"Dhahabu ya kazi gani hii?"

"Ya kazi yangu, shangazi."

"Kujifanya mwehu mbele ya makafiri? Haramu hiyo. Miye sipokei."

Nilimwelewa vizuri. Akikataa, deni linabaki, na watakuwa na la kunisema mpaka kaburini. Hasira zikanipanda. Walitaka kujua kazi yangu? Nikajifunga kanga kiunoni, nikamtoa yule mpishi: mkono kiunoni, mguu wa kushoto ukiburuta, pua imezama chunguni.

"Samaki huyu kamwosha nani? Au kajiosha mwenyewe baharini?"

Wanawake walianguka juu ya mikeka. Kisha mmoja mmoja wakageuka, wakamtazama shangazi.

"Huyo ni miye," akasema.

"Ndiye wewe."

"Wazungu wamenicheka miaka miwili?"

"Na wamelipa."

"Basi pesa ni zangu. Ulikwenda kuutembeza mguu wangu, na huu ndio ujira wake." Akavichukua vipuli, akavivaa pale pale. Neno haramu halikumtoka tena. "Na bangili hiyo ya mkononi?"

Nikaivua, nikaitupa mapajani mwake.

"Tumemalizana?"

"Tumemalizana."

"Sema wasikie."

"Tumemalizana!" akapaza sauti, kwa hasira, kila mtu akasikia.

Nikachukua mkoba wangu, nikapita katikati yao bila kuaga. Siku ile hapakuwa na mtu Pemba nzima anayenidai hata uzi.