Siku Nyangeta Alipomnyonyesha Magori

Siku ile naikumbuka mpaka harufu, mjukuu wangu. Harufu ya kamongo mkavu! Wajita walitoka ziwani na mafurushi yao ya samaki mpaka kijijini kwetu, huku nyuma ya Butiama, na mimi nikasema moyoni, hawa wamekuja kuuza, kupatanisha wapi.

Maana kijiji kilikuwa kimepasuka. Mtemi alikufa, watoto wake wawili wakagombania kiti, basi sisi wa juu ya mto na wale wa chini tukawa tunachomeana maghala. Ghala langu alichoma mume wa Nyangeta. Nyangeta huyo huyo tulikuwaga tunachota maji pamoja! Askari wa Mzungu wakija toka Musoma, tunatulia. Wakigeuka tu, tunaanza tena.

Ndiyo majirani wakaja wenyewe: Wajita, wafugaji wa kule Bunda, na watu wa Butiama. Mimi na mdomo wangu, mtoto mgongoni, nikapayuka, "Mmefuata ng'ombe zetu tu nyie!"

Bibi mmoja wa Butiama akanigeukia. "Ng'ombe zipi, binti? Si mmeshaibiana zote?"

Walicheka, mwanangu, mpaka wale wa chini ya mto waliokaa ng'ambo ya uwanja!

"Haja tunazo," akasema. "Hawa wanataka njia ya kupitisha samaki. Wale, ng'ombe zao zinywe mto huu. Mimi nimejaza watu wenu waliokimbia nyumbani kwangu, ulezi wangu unaisha, nataka warudi kwao. Na wewe unataka nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilitaka mtoto wangu akue, basi.

Wanaume wa pande zote mbili wakalaza mikuki chini, mstari mrefu. Wanawake wanaonyonyesha tukasimamishwa, wa juu huku, wa chini kule. Kila mmoja ampitishe mtoto wake juu ya mikuki, mwenzake amnyonyeshe. Mtoto akishanyonya kote kote, nani tena atachoma nyumba anayolala mtoto huyo?

Nainua macho, mbele yangu Nyangeta.

Mikono ikagoma. Magori, huyo baba yako, akaanza kulia. Nyangeta akasema, "Mlete, dada. Maziwa yananimwagikia."

Nikampa. Akanyonya, mwanangu! Akanyonya kama hajawahi kusikia vita. Na mimi nikapokea wa kwake, mzito, kalowa jasho. Uwanja mzima unasikia watoto tu wanavyomeza. Mpaka leo mwili unanisisimka.

Kesho yake ng'ombe za Bunda zikanywa mto, samaki wakapita, watu wetu wakarudi. Na kila kundi la majirani likaacha mzee wake mmoja akae kwetu mpaka mavuno, atuangalie.

Sasa sikia. Jirani akija kutuliza ugomvi wako, usimfukuze kwa sababu ana haja yake. Mwambie aitaje mbele za watu, na wewe utaje ya kwako. Na kwa jirani kukiwaka, nenda, ila usiende peke yako, pitia wenzako.

Haya. Mungu akupe majirani wasiokuficha kitu, na mtoto wako asikose wa kumnyonyesha hata siku usipokuwepo.