Siku Tuliyomfukuza Kabaila Nyamirambo

Mchana wa Idi, mwaka wa pili wa vita vya kaskazini, wanawake wa mtaa wetu wa Nyamirambo walimkimbiza mjomba wangu barabarani kwa masufuria.

Chanzo alikuwa Bibi Mhindi, mjane wa muuza vitambaa, jirani wa shangazi yangu aliyenifundisha cherehani. Alipenda kutusimulia jinsi wakulima wa kijiji cha nyanya yake, huko India, walivyolazimishwa na kabaila na Waingereza kulima nili badala ya mpunga. Watoto wakashinda njaa ili nguo za Wazungu zipate rangi. Mwishowe wakakataa. Wanaume walishika mikuki, wanawake vyungu na sahani za shaba.

"Tuigize!" nikasema, na shangazi akatukatia sari.

Mimi nikawa huyo nyanya. Rafiki yangu alijipaka unga usoni akawa afisa Mwingereza, lakini Wazungu tuliowajua sisi walisema Kifaransa, basi naye akafoka, "Silence!" Ua mzima tukavunjika mbavu. Mjomba, muuza nyama mwenye tumbo la heshima, ndiye kabaila. Alinogewa na kazi yake. Alinipokonya ungo, akaumwaga mchele na kuukanyaga.

"Ah, hapana!" Mama mmoja aliinuka kwenye mkeka. "Chakula iko chini, na sisi tunatazama tu?"

Akanyakua sufuria. Wenzake wakafuata.

"Shemeji, huu ni mchezo!"

"Kabaila hana shemeji!"

Mjomba akatoka mbio langoni, afisa mbele yake akipukutisha unga. Nilikimbia nimeshika sari kwa mikono miwili, nacheka hadi pumzi zinanikatika. Mafundi waliacha cherehani zao barazani kutushangilia.

"Nimesalimu amri!" mjomba akalia, akiegemea ukuta. "Kodi nimefuta! Limeni mpunga! Limeni hata mihogo!"

Vigelegele vikapasua mtaa.

Bibi Mhindi alikuwa ametufuata pekupeku, akigonga sahani, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Bibi, hata kule ilikuwa hivi?" nikamwuliza.

"Kule walipigwa risasi, mwanangu. Nyanya yangu alifungwa." Akajifuta macho. "Lakini nili hawakuilima tena."

Kisha akaigonga sahani kwa nguvu zaidi, nasi tukarudi nyumbani tukicheza, kabaila katikati yetu, kalowa jasho, akiuliza kama pilau bado ipo.